Wafanyabiashara waende bunge la kaunti Februari, vifungu mkononi

Nchini Kenya, Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaopanga ada na ushuru, ukichapishwa, vyama vya wafanyabiashara huamka kwa kishindo. Gavana anaandikiwa barua, mwenyekiti anaalikwa redioni, maduka yanatishiwa kufungwa. Kufikia hapo bajeti mara nyingi imekwisha kupita. Mwakilishi wadi anayetaka kusaidia anabanwa, kwa sababu kila shilingi atakayopunguza inatoboa bajeti aliyoipitisha mwenyewe.

Kalenda iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mkakati wa fedha wa kaunti hufika bungeni kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mswada wa Fedha unaweza kuidhinishwa hadi siku 90 baada ya Mswada wa Matumizi, unaoidhinisha bajeti, kupita. Kwa hiyo mahali pa kubishania makisio ya mapato ya leseni ni kwenye ule mkakati wa Februari, ambao wafanyabiashara wachache sana huusoma. Wakati wa Mswada wa Fedha ubaki kuwa wa kusahihisha maneno na viwango.

Ningeambiwa nichague jambo moja la kupigania, ningechagua jedwali la leseni, yaani orodha ya ada za leseni iliyo katika Mswada wa Fedha. Kaunti nyingi zilirithi muundo wa leseni moja ya biashara ulioanza 1999. Duka lenye wafanyakazi wasiozidi 4 au eneo lisilozidi mita za mraba 50 ni dogo. Kuanzia wafanyakazi 5 hadi 20, au mita 50 hadi 300, ni la wastani. Maana yake, mama mwenye duka la mita 55 analipa sawa na mwenye mita 290. Ndiyo sababu wenye maduka hukata vyumba kwa mbao, huficha wafanyakazi kanjo (askari wa kaunti) wakija, au huacha kulipa kabisa wakangoja msako.

Dawa si kuomba "leseni ipunguzwe". Chama kiandike mgawanyo mpya wa kundi la wastani: mita 51 hadi 100, 101 hadi 200, 201 hadi 300, kila sehemu na ada yake, na kitaje nambari ya kipengele kinachobadilishwa katika jedwali. Kisha kipige hesabu ambayo kamati ya fedha itaipiga hata kisipoipiga. Tuseme maduka 200 ya mita 51 hadi 100 yanalipa shilingi 10,000 kila moja. Hizo ni milioni 2. Ada ikishuka hadi 6,000, kaunti inahitaji maduka 334 yanayolipa ili isipoteze chochote. Je, eneo hilo lina maduka mengine 134 ambayo hayana leseni? Chama chenye wanachama kila mtaa kinaweza kuyahesabu kwa wiki moja. Bila hesabu hiyo, maafisa wa mapato watasema kaunti itapata hasara, na hakuna wa kuwajibu.

Katika jedwali hilohilo, ziangaliwe ada za huduma zisizotolewa. Katiba, kifungu 209(4), inairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa. Kama ada ya ukaguzi wa zimamoto inalipwa na mkaguzi hafiki, ombi liwe sentensi moja: ada hii italipwa baada ya ukaguzi kufanyika na ripoti kutolewa. Mwakilishi wadi anaweza kuibeba sentensi hiyo kama ilivyo.

La pili ni madeni ya kaunti kwa wauzaji. Hili linaua biashara kuliko ada yoyote. Mtu aliyesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) akiiuzia kaunti bidhaa za milioni 1, anatoa ankara yenye VAT ya 160,000, nayo inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama kaunti italipa baada ya miaka miwili. VAT yenyewe ni ya serikali kuu, kwa hiyo kuilalamikia mbele ya wawakilishi wadi ni kupoteza dakika. Wanachoweza kufanya ni kudai orodha ya madeni kila robo ya mwaka, yenye nambari ya LPO (hati ya kaunti ya kuagiza bidhaa) na tarehe ya ankara, deni kongwe likiwa juu, na kutenga fungu la kuyalipa kabla ya kuidhinisha miradi mipya. Wakumbushwe pia kifungu 53(8) cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015: ununuzi hauanzishwi kama fedha hazimo katika makadirio yaliyoidhinishwa.

Ushuru wa mazao barabarani nao hudaiwa vibaya. Chama huomba "ushuru ulipwe mara moja nchini kote", jambo ambalo bunge la kaunti moja haliwezi kuamuru. Linaloweza ni kufunga kizuizi chake lenyewe: gari linalopita bila kupakia wala kupakua ndani ya kaunti halitatozwa. Kifungu 209(5) kinakataza ushuru wa kaunti kuathiri shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, na lori la nyanya lililosimamishwa saa nne juani ni ushahidi tosha wa athari hiyo.

Maoni yapelekwe kwa karani wa bunge, si kwa gavana, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Atakayefika mahakamani bila muhuri atapata shida kuthibitisha kwamba alisema lolote. Marekebisho yapate mwakilishi wadi wa kuyawasilisha mapema, kwa sababu vifungu hubadilishwa kwenye kamati ya bunge zima, na baada ya kusomwa mara ya tatu mlango umefungwa. Gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha mswada. Sheria ikichapishwa, chama kilinganishe jedwali lake, mstari kwa mstari, na marekebisho yaliyopitishwa, kisha kiwape wanachama nakala waibandike dukani ambapo mkusanya ushuru ataiona.