Cameron hakuongoza timu ya ridhaa

Kuna makala kuhusu John Cameron, kocha mchezaji wa zamani wa Tottenham (Spurs), ambayo mwandishi wake anasema aliipa klabu hiyo Kombe la FA mwaka 1901 akiwa na "timu ya ridhaa", yaani ya wachezaji wasiolipwa. Hapo kateleza. Spurs walikuwa nje ya Football League, ligi kubwa ya England enzi hizo, sawa, wakicheza ile Ligi ya Kusini, lakini walishaanza kulipa wachezaji tangu 1895, na huyu Mskoti wa Ayr mwenyewe alitua hapo akitokea Everton. Tena mwaka 1898 alikuwa katibu wa chama cha wachezaji kilichopigania maslahi yao, sasa mtu wa ridhaa angedai mshahara gani? Alikuwa kocha, katibu wa klabu na mshambuliaji kwa mpigo, na fainali ya marudiano kule Bolton bao la kwanza la Spurs kafunga yeye, wakaichapa Sheffield United 3-1. Mechi ya kwanza pale Crystal Palace, mbele ya watu zaidi ya 110,000, iliisha 2-2 kwa bao tata: kipa kautema mpira, mshika kibendera kaonyesha kona, refa kakubali bao! VAR, waamuzi wa video wa siku hizi, wangekesha. Kinachonishangaza zaidi ni makala kuruka miaka yake Ujerumani. Alikwenda kufundisha Dresden, vita ya 1914 ikamkuta huko, akawekwa kizuizini katika kambi ya Ruhleben karibu na Berlin pamoja na Steve Bloomer, mshambuliaji wa zamani wa England, na humo humo kambini wakaendesha ligi yao. Wadau, kuna kocha mchezaji mwingine aliyefunga fainalini namna hiyo?