Nani Kamwambia Kijana Mchezo Umekwisha?

Mtoto wa miaka saba hatumwambii afanye mazoezi. Tunamwambia atulie, ashuke mtini, aache kurukaruka kwenye viti. Akifika miaka 14 tunageuza kibao: inuka, weka simu chini, mbona umekuwa mvivu hivi? Mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika katikati hapo hakuna anayekiulizia, kwa sababu neno "uvivu" lipo karibu na halituhitaji kufikiri.

Mwaka 2019 watafiti wa Shirika la Afya Duniani, wakiongozwa na Regina Guthold, walichapisha hesabu iliyounganisha majibu ya wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146. Kwa mwaka 2016, asilimia 81 kati yao hawakufikisha dakika 60 kwa siku za shughuli inayoutikisa mwili na kuuharakisha moyo. Hata Bangladesh, iliyofanya vizuri kuliko zote, ilikuwa na asilimia 66 ya wasiofikisha. Korea Kusini walikuwa asilimia 94. Nchi tajiri zimo, nchi maskini zimo, na utajiri hauelezi nani yuko juu na nani yuko chini.

Wanafunzi wanne kati ya watano wakifeli mtihani mmoja, mwalimu mwenye busara huutazama upya mtihani. Sisi tunawafokea wanafunzi.

Lakini kabla ya kuibeba asilimia hiyo kama fimbo, tuulize imepatikanaje. Sehemu kubwa ya tafiti za aina hii hutegemea dodoso. Ule utafiti maarufu wa afya na tabia za wanafunzi, ulioanzishwa mwaka 1982 na watafiti wa Uingereza, Finland na Norway, hurudiwa kila baada ya miaka minne kwa watoto wa miaka 11, 13 na 15. Swali lenyewe ni jepesi: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulifanya shughuli za mwili kwa jumla ya dakika 60 au zaidi? Sasa litafsiri swali hilo. Ukiandika "mazoezi", kijana atafikiria jezi na filimbi, pengine hata kuruka kamba, lakini hatakumbuka kwamba asubuhi alitembea nusu saa kwenda shule na jioni akabeba mzigo mzito kurudi nyumbani. Ukiandika "michezo", umeharibu zaidi, maana mchezo katika lugha yetu ni mpira, ni ngoma, ni karata, na ni mzaha pia. Ukiandika "shughuli za mwili", mtoto wa miaka 11 atakukodolea macho. Halafu yupo anayejaza siku saba ili aonekane shujaa, na yupo aliyekwisha sahau Jumanne ilikuwaje.

Wengine wameamua kumfunga kijana kifaa kidogo kiunoni kinachohesabu mwendo. Ni jambo jema, kifaa hakisahau wala hakijisifu. Ila kitakwambia kwamba saa kumi jioni msichana huyu alikaa kimya dakika 40, na hakitakwambia kwamba alikuwa amekaa pembeni ya uwanja akitamani kuingia. Hapo ndipo ninapomthamini mwanasayansi wa jamii kuliko kifaa chake. Daktari anataka kujua moyo ulipiga mara ngapi. Mwanasayansi wa jamii anauliza ulikuwa na nani.

Na swali la "na nani" lina uzito wake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio lililohusisha watu 306 wa makundi matatu: miaka 13 hadi 16, miaka 18 hadi 22, na waliotimiza miaka 24 na kuendelea. Waliwekwa kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: taa inageuka njano, uamue kusimama au kuendelea kabla ukuta haujatokea. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao. Mbele ya wenzao, wale wadogo ndio waliozidisha kujihatarisha kuliko watu wazima.

Jaribio hilo hutajwa kila tunapotaka kuonya juu ya makundi mabaya. Mimi nalisoma kwa upande wa pili. Macho ya rika yanayomfanya kijana mmoja aivuke taa ndiyo, kwa maoni yangu, yanayomfanya mwingine asiingie uwanjani kabisa.

Nilikuwa na miaka 13 manahodha wawili walipokuwa wakichagua timu, mmoja baada ya mmoja, sisi tukiwa tumesimama kwa mstari. Nilibaki wa mwisho, na nahodha niliyemwangukia akamwambia mwenzake "basi huyu awe wenu tu". Wote wakacheka, mwalimu naye akatabasamu. Kuanzia wiki ile nikawa na maumivu ya tumbo kila siku ya michezo. Nilitembea sana peke yangu miaka ile, masafa marefu, kwa raha zangu. Kwenye daftari la mwalimu nilikuwa mvivu.

Kwa wasichana mambo ni mazito zaidi. Kati ya 2001 na 2016, hesabu za Guthold na wenzake zinaonyesha wavulana wasiofikisha kiwango wamepungua kidogo, kutoka asilimia 80 hadi 78. Wasichana wamebaki palepale, asilimia 85. Mwili unabadilika ghafla, kaptura inakuwa fupi kuliko mwaka jana, hedhi inakuja bila taarifa, na kando ya uwanja wamesimama watu wenye maoni. Utamhubiria dakika 60 hadi koo likauke. Mpe kwanza mahali pa kubadilisha nguo penye mlango unaofungika.

Nisieleweke vibaya: siuzi michezo kama dawa ya kila kitu. Kauli kwamba michezo huwaepusha vijana na maovu ni nusu ya habari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliona kwamba vijana walio kwenye michezo huelekea kutumia dawa za kulevya kidogo kuliko wenzao, lakini pombe wanakunywa zaidi. Timu nayo ni rika. Inategemea baada ya mechi wanaelekea wapi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni adhabu. Aliyechelewa azunguke uwanja mara kumi, aliyepiga kelele apige pushapu. Sijawahi kuona mwalimu akimwadhibu mtoto kwa kumpa likizo. Tunamfundisha miaka mingi kwamba kukimbia ni malipo ya kosa, kisha akifika 16 tunashangaa hakimbii kwa hiari.

Ningepewa nafasi ya kuongeza swali moja kwenye dodoso, nisingegusa dakika. Ningeuliza: mara ya mwisho ulipoacha kucheza kitu ulichokipenda, nani alikuwa anakutazama? Najua wa miaka 13 yule angeandika nini. Angeandika majina ya darasa zima, na la mwalimu mwishoni.