Mausi Imekula Betri ya Saa

Jamani, mimi sina ugomvi na teknolojia. Ugomvi wangu ni na mausi ya kompyuta tu.

Nina kisteshenari hapa Mwanga, Kigoma. Meza moja, printa moja, na juu ya meza nimetandaza kioo nilichonunua kwa mkopo wa vikoba, wateja waone kuna hadhi. Sasa hizi mausi za taa, ukiziweka kwenye kioo hazioni kitu. Unasukuma, unasukuma, mshale umetulia kama mvuvi wa dagaa anayengoja mbalamwezi ipite. Ikabidi nitandike kalenda ya mwaka juzi juu ya kioo. Mkopo bado nalipa, kioo chenyewe sikioni.

Ile ya zamani yenye mpira tumboni ilikuwa na adabu zake. Ikigoma unajua inaumwa nini. Unaipindua, unazungusha kifuniko, mpira unadondokea kiganjani, halafu kwa ukucha unakwangua uchafu uliojiviringisha kwenye vile vijiti vya ndani. Na kwa mji ambao mtu anatoka kwenye mgebuka wa mawese moja kwa moja anashika mausi ya mwenzake, ule uchafu ungeweza kuukaangia vitumbua. Unafuta mpira kwenye suruali, unarudisha, kazi inaendelea. Tatizo lilikuwa watoto: wanachomoa mpira wanaenda kuchezea gololi.

Mpwa wangu, ambaye kazi yake dukani ni kunimalizia bando, ndiye aliyenisomea kwamba mausi ya kwanza, mwaka 1964, ilikuwa ya mbao. Mbao kabisa! Douglas Engelbart kule California ndiye aliyewaza, mwenzake Bill English akaunda. Kiboksi, kitufe kimoja juu, chini magurudumu mawili yaliyokaa msalaba: moja la mbele na nyuma, jingine la kulia na kushoto. Kitu kama hicho kikiharibika si nampelekea seremala Ujiji? Jioni nakifuata kimepigwa msasa na vanishi juu.

Halafu masikini Engelbart, hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ilitoka 1970, ikaisha 1987, dunia ndiyo kwanza inaanza kununua mausi. Mrabaha hakuonja. Nilimhurumia sana, maana hata mimi nina wateja wa "kaka, nitakutumia jioni."

Apple nao walipotaka mausi ya bei nafuu, mbunifu Dean Hovey alikwenda dukani akanunua rolioni na kisahani cha siagi. Akang'oa kile kimpira cha rolioni, akakichomeka chini ya kisahani, akaanza kukisukuma mezani. Kimpira cha kwapani, ndugu zangu! Huyo angezaliwa Katubuka angekuwa fundi redio.

Lakini walioshiba wakaharibu. Mwaka 1998 haohao Apple wakatoa mausi ya duara kama andazi, ukiipapasa hujui kichwa ni wapi. 2015 wakatoa ya kuchaji, tundu la chaja liko tumboni. Ikichajiwa inalala chali kama mende aliyepuliziwa dawa, wewe unakaa unaitazama. Kigurudumu cha katikati ndicho pekee nilichokipigia makofi.

Mimi nikaingia kichwakichwa kwenye isiyo na waya. Hiyo inakula betri kuliko tochi ya mlinzi. Jumanne ilizimika mteja kasimama, duka la jirani limefungwa kwa msiba. Nikapanda kiti, nikaichomoa betri ya saa ya ukutani. Mshale ukafufuka, nikasahau.

Alhamisi kaja dada mmoja, maombi ya kazi mtandaoni yanafungwa saa tisa alasiri. Tukajaza jina, tukajaza shule, mtandao unasuasua, kikabaki cheti tu cha kupakia. Dada akainua macho ukutani.

"Kumbe ndiyo kwanza saa nne na robo? Ngoja nikale, kaka, cheti tutamalizia nikirudi."

Mimi niko chini ya meza, printa imetafuna karatasi. Nikaitikia tu, "Haya, dada."

Karudi ananukia mgebuka, kashika mausi yangu kwa vidole vya mawese, ananiuliza mbona kitufe cha kutuma hakibofyeki.

Nikaitazama saa. Saa nne na robo.