Methani ya mifugo: kipimo ndicho kinachoamua nani alaumiwe

Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2006 wa jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini hutoa zaidi ya kilo 120 za methani, gesi inayoongeza joto duniani, kwa mwaka kutokana na mmeng'enyo wa chakula, ilhali yule wa Afrika na Mashariki ya Kati hafikishi kilo 50. Mwongozo huohuo unakadiria kwamba wa kwanza hukamuliwa kilo 8,400 za maziwa kwa mwaka na wa pili kilo 475. Ukigawanya methani kwa maziwa, mambo yanageuka: wa kwanza anatoa gramu 15 hivi kwa kila kilo ya maziwa, na wa pili zaidi ya gramu 80. Takwimu ni zilezile, lakini mshtakiwa amebadilika.

Wanaotetea kipimo cha pili, yaani methani kwa kila kilo ya maziwa, wana hoja nzito. Katika tumbo la kwanza la mnyama anayecheua, vijidudu huvunja nyuzinyuzi za majani na kuzalisha hidrojeni, ambayo vijidudu wengine huiunganisha na kaboni dioksidi kuwa methani. Sehemu kubwa ya gesi hiyo hutoka mdomoni kwa kubeua. Majani makavu na magumu huacha hidrojeni nyingi kuliko nafaka. Isitoshe, kila mnyama hutumia sehemu ya malisho kujiweka hai tu kabla ya kutoa tone la maziwa, na gesi ya sehemu hiyo haina budi kubebwa na maziwa machache anayotoa. Kwa hiyo malisho bora, tiba na uzazi wa mapema hupunguza methani kwa kila lita, na wakati huohuo humwongezea mfugaji kipato. Hoja hii siipingi.

Ninachopinga ni kuigeuza kuwa hukumu. Mahali ambapo ng'ombe hulima shamba, hutoa samadi na kuhifadhi mali ya familia isiyo na akaunti ya benki, kugawanya methani yote kwa maziwa na nyama pekee ni kumtwisha mnyama mzigo wa kazi ambazo hesabu haikuziona. Makadirio yenyewe pia yalisimama kwa muda mrefu juu ya wastani mmoja kwa eneo zima. Ni katika marekebisho ya mwongozo huo ya mwaka 2019 ndipo mifumo ya uzalishaji mkubwa ilipotenganishwa na ya uzalishaji mdogo.

Tena angahewa haihesabu lita, inahesabu jumla. Nchi inaweza kupunguza methani kwa kila kilo ya maziwa huku mifugo yake ikiongezeka na jumla ikipanda. Hapo ndipo baadhi ya watafiti hukumbusha kwamba methani hudumu angani takriban miaka 12, hivyo idadi ya mifugo isiyobadilika huongeza joto jipya kidogo tu, tofauti na kaboni dioksidi inayojilimbikiza. Kisayansi ni kweli, lakini kuifanya kanuni ya kugawana wajibu kungeleta dhuluma: nchi tajiri iliyokwisha jaza malisho yake ng'ombe ingeonekana safi, na nchi maskini inayoanza kuongeza mifugo ingeonekana mchafuzi, hata kama kila raia wake anakunywa maziwa kidogo sana.

Hata njia za kupunguza methani hazigawanyiki sawa. Viongezeo vya malisho vinavyozuia vijidudu kutengeneza methani hufanya kazi vyema mnyama anapolishwa zizini kila siku kwa chakula kilichochanganywa. Kwa kundi linalotembea nyikani kutafuta majani, kumpa kila mnyama kipimo chake ni kazi ngumu mno. Huko njia iliyo wazi zaidi ni kufuga wachache wenye afya na wanaokamuliwa zaidi, lakini mfugaji hatauza ng'ombe mzee asiye na maziwa maadamu ng'ombe huyo ndiye akiba yake ya msimu wa ukame. Mpango wa kupunguza methani usiomtafutia akiba nyingine, iwe ni bima ya mifugo au huduma ya kifedha inayomfikia malishoni, unamtaka apunguze kinga yake mwenyewe bila fidia.