Umewasha hita mwezi wa saba?

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti yangu ninayopiga kelele chooni, nipeni nafasi na mimi niongee.

Kwanza, sikuoga maziwa. Ilikuwa laban, ule mtindi mwepesi wa kunywa wa Waarabu, na ilikuwa jagi moja, si ndoo. Pili, sikutoka uchi, nilitoka na kanzu, ila ilikuwa imeloa. Huyo Mpemba aliyerekodi dakika nne nzima na kuzitupa kwenye grupu hakuona kitu, maana wakati wote huo alikuwa kalala juu ya zulia anapiga ngumi sakafu kwa kicheko. Mwenye makalio ni mimi. Habari kamili ninayo mimi.

Mnaonifuata mnajua nimehamia Ibri, Omani. Kwa msiojua, unatoka Muscat, unakatiza milima, unakwenda karibu kilomita 300 mpaka uone mitende, na nyuma ya mitende hakuna kitu. Hicho "hakuna kitu" ndicho jangwa lenyewe, Rub' al Khali, linakwenda hivyo hivyo mpaka Saudia. Nyumba niliyopangishiwa iko ukingoni, upande wa hakuna kitu.

Nimefika Alhamisi usiku, mwezi wa saba. Wenyeji mwezi huu mwenye uwezo anakimbilia Salalah kwenye manyunyu, mimi ndiyo kwanza nashusha masanduku. Mama alinifungia mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi, jangwani. Imekaa jikoni inanitazama.

Ijumaa asubuhi nikaamka na moyo wa kupanga nyumba. Hapa ndipo balaa lilipoanzia, na Mpemba hakusimulia sehemu hii kwa sababu hakuijua. Namsaidia.

Madirishani nikakuta wamebandika karatasi za fedha, zile za kufungia chakula. Nikasema nyumba gani hii kama samaki wa kupaka anayesubiri kuingia motoni? Nikazibandua zote. Kufika saa nne chumba kile kilikuwa kimepata moto wa kuchoma mkate, lakini sikujali, nilikuwa na mwanga.

Chooni nikakuta ndoo kubwa ya plastiki, ina mfuniko, imejaa maji, na kopo la bluu limening'inizwa ubavuni. Pembeni ukutani kuna shatafu inang'aa, ule mpira wenye kichwa cha kunyunyizia. Nikacheka. Yaani mtu ana shatafu halafu anaweka kopo? Nikamwaga maji, ndoo na kopo nikavipeleka nje kwenye pipa la taka. Nilivipeleka mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Halafu nikaona swichi ya hita imezimwa.

Sasa jamani, jambo moja mlishike: mimi ni fundi umeme. Nina cheti cha VETA. Lushoto kule kwenye baridi nimefunga hita mpaka watu wananiita fundi maji moto. Kwa hiyo nilipoona ile swichi nikatikisa kichwa kama fundi anavyotikisa, nikasema aliyetangulia alisahau, nikabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka. Nikajisikia nyumba sasa imepata mwenyewe.

Baada ya swala ya Ijumaa jirani zangu wakaja kunikaribisha. Wazee watatu, vijana wawili, mtoto mmoja wa miaka kama minane, na Mpemba aliyewaleta. Wamevaa kanzu zinanukia udi, na zile kofia za kudarizi ambazo jina lake la Kiomani siliandiki hapa. Waswahili mnaoishi huku mnajua kwa nini. Wamebeba sinia la wali na nyama, rutab, yaani tende laini, mpya za msimu, jagi la laban lenye barafu, na dele la kahawa.

Mimi nilishamwambia Mpemba tangu mapema, "Nikifika huko sitaki Kiswahili, nataka nizoee Kiarabu." Naye kumbe aliwapa ujumbe. Kwa hiyo wazee wakanisemesha Kiarabu taratibu, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa, na mimi najibu maneno yangu kumi na mawili niliyojifunza kwenye simu, nikiyazungusha. Joto la nje Mpemba alisema gari yake inaonyesha 47. Mzee mmoja akahadithia habari za Quriyat, mji wa pwani huku huku Omani, mwaka 2018, mchana na usiku joto halikushuka chini ya 42.6. Nilielewa "Quriyat" na nilielewa namba. Nikasema "mashallah". Sijui kama ndipo mahali pake.

Kahawa huku anamimina kijana, kasimama, dele mkono wa kushoto. Unakunywa, anajaza. Unakunywa, anajaza. Mimi mtoto wa Tanga, kahawa tungu nimekua nayo barazani, nikasema hawa hawatanishinda. Nikanywa kikombe cha tano. Nikanywa cha saba. Wenzangu naona wananyoosha vikombe na kuvitikisatikisa kidogo mkononi, kijana anavipokea, anapita. Nikadhani ni mtindo tu wa kushika kikombe. Cha tisa nilikinywa jasho linanitoka, juu ya rutab zisizo idadi na bilauri mbili za laban.

Tumbo likaniita. Halikuita kwa adabu.

Choo changu na sebule vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba na mlango wa alumini. Nikaomba radhi kwa Kiarabu, nadhani nilisema "ahsanteni", nikaingia, nikafunga. Sehemu ya kwanza tuiruke. Mambo yalikwenda salama.

Tuje kwenye shatafu.

Nimechutama. Kanzu nimeikunja mpaka kifuani, na kwa kuwa mikono yote ina kazi, pindo nimeliuma kwa meno. Mkono wa kulia umeshika shatafu. Nikabonyeza. Maji ya kwanza yakaja vuguvugu, mazuri tu, nikawaza hata huku kuna starehe zake. Sekunde moja. Sekunde mbili. Kumbe yale yalikuwa maji yaliyolala ndani ya mpira, kwenye kivuli cha choo. Nyuma yake, kwenye bomba, yalikuwa yanateremka maji ya kwenye tangi lililoko juu ya paa, paa lisilo na mti wala kibanda, lililoanikwa juani tangu alfajiri.

Yakafika.

Ndugu zangu, chai mnaijua. Sasa ile chai isiingie mdomoni.

Ukelele wa kwanza ulitokea puani, kwa sababu meno yalikuwa na kanzu. Na mkono, naomba mnielewe, mkono ulipopata taarifa ya hatari haukuachia. Ulikaza. Mwili mzima ulikaza, na mkono ni sehemu ya mwili. Kwa hiyo nikawa naungua huku najiunguza, na kadiri ninavyoungua ndivyo ninavyobana. Nikaruka. Ukiruka kutoka kuchutama unapiga kichwa kwenye beseni la kunawia, nikapiga. Meno yakaachia, kanzu ikashuka, shatafu ikaanguka ikawa inacheza sakafuni kama nyoka, bado inatema, ikanifuata miguu.

Ndipo sauti ikapata njia.

"MAMA YANGU WEE! MAKALIO! NAUNGUA MAKALIO!"

Nikadhani naongea mwenyewe. Niko Ibri, nani atanielewa? Kwa hiyo nikaendelea, na hapa ndipo sauti ya Mpemba inapoanzia, alikuwa ameshatoa simu:

"Nchi gani hii maji yanatoka Jehanamu! Na hawa wazee nao na kahawa yao, mtu unanyweshwa kama ng'ombe wa mnada, kahawa yao hii ndiyo imenileta huku!"

Kule sebuleni kukawa kimya. Kimya kile nakisikia mpaka leo. Nikasikia kikombe kinawekwa juu ya sinia. Halafu sauti ya yule mzee wa Quriyat, Kiswahili kisafi, cha Unguja kabisa:

"Ungetikisa kikombe, mwanangu."

Nilitamani shatafu inimalizie.

Mzee kazaliwa Ng'ambo ya Unguja, kaja Omani miaka ya 70. Wa pili kakulia Tabora, Kinyamwezi anakijua. Wa tatu huzungumza Kiswahili na mkewe kila siku. Katika watu wote waliokuwa mle, asiyejua Kiswahili alikuwa mtoto tu.

"Fungua bomba jekundu!" akasema wa Tabora. "Jekundu ndilo la baridi!"

Fundi wenu awaeleze, maana sasa anajua. Huku kiangazi watu huzima hita. Lile tangi la hita liko ndani ya nyumba, kivulini, maji yake yanapoa taratibu. Kwa hiyo bomba jekundu linatoa maji ya kuvumilika, na la bluu linalotoka moja kwa moja paani ndilo la kuchemshia mayai. Shatafu imeungwa kwenye la bluu. Kila mtoto wa hapa anajua, na ndiyo maana wanaweka ndoo, wanaijaza usiku, mchana wanatumia kopo.

Ndoo. Kopo.

"Siwezi kufungua jekundu," nikasema.

"Kwa nini? Limekatika?"

Nikanyamaza. Nimesimama na miguu imetengana kama bikari, mkono mmoja ukutani, kisogo kimevimba.

"Niliwasha hita."

Kimya kingine. Kisha wa Tabora, polepole, kama daktari anayehakikisha umri wa mgonjwa:

"Umewasha hita? Mwezi wa saba?"

Hapo ndipo kulipopasuka. Nimesikia watu wakicheka maishani, sijasikia wazee watatu wakicheka kwa pamoja mpaka mmoja anaombwa apewe maji. Mpemba alianguka. Katikati ya vicheko nikasikia, "Si ulisema ni fundi umeme?" na Mpemba anajibu, "Ana cheti!"

"Ndoo yako iko wapi?" akauliza mzee wa Unguja alipopata pumzi.

Sikujibu. Kijana mmoja ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, kwamba aliiona kwenye pipa wakati wanaingia.

Mzee akamwambia mtoto kwa Kiarabu anipelekee kitu cha baridi. Nakumbuka neno "barid", lilikuwa moja katika yale kumi na mawili. Nikafungua mlango upana wa kiganja. Ukaingia mkono mdogo umeshika jagi, limetoa jasho la barafu. Sikuangalia. Jamani, nani angeangalia? Nikakunja kanzu, nikageuka, nikamimina.

Ilikuwa laban. Ina chumvi kidogo.

Mtaniuliza ilikuwaje. Sitawadanganya: sijapata kuhisi kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe. Nilitoa sauti. Sauti hiyo nayo imo kwenye rekodi, dakika ya tatu, na kuna mtu kashaifanya mlio wa simu. Kipande cha barafu kilipita ndani ya kanzu mpaka kwenye soksi, nikakiacha kiendelee na safari yake.

Kutoka sasa. Kanzu nyeupe imeloa laban, mgongoni inaganda. Mtoto akanitazama, akatazama jagi tupu, akamuuliza babu yake swali. Babu hakuweza kujibu, alijifunika uso kwa mkono. Nikasema, "Shikamooni." Ndiyo, baada ya saa nzima ya Kiarabu ndipo nikawaamkia wazee wa watu. Wakaitikia wote watatu, "Marahaba," na wa Unguja akanionyesha mto laini zaidi. Nikakaa kwa ubavu.

Yaliyobaki hayana maneno. Hita nilizima. Bibi wa nyumba ya pili akaniletea jani la shubiri kupitia kwa mjukuu, na maelekezo ya kupaka akayapaza kwa Kiswahili kutoka uani, mtaa mzima ukasikia. Ngozi haikutoka malengelenge, imekuwa nyekundu tu, naendelea vizuri, acheni kutuma pole za kejeli. Ndoo nilikwenda kuifukua pipani usiku, nikakutana na mwenye nyumba, akaniangalia, akaendelea na njia yake. Karatasi za fedha nimezibandika upya, zimekunjamana, nyumba sasa inafanana na kitumbua kilichofungwa na mtoto.

Jana sokoni muuza rutab nisiyemjua kanipa kahawa. Nikanywa kimoja, nikakitikisa haraka kama nina homa. Akacheka, akasema, "Wewe ndiye wa hita."

Na nilikuwa nimeshasamehe, naapa, mpaka alfajiri ya leo Mama alipopiga kutoka Tanga. Mpemba ana namba ya mama yangu, sijui kaipata wapi. Hakuniuliza habari za safari wala za kazi. Salamu zenyewe hazikuisha vizuri.

"Nimeisikia hiyo sauti," akasema. "Nijibu kitu kimoja tu. Ni mbele au nyuma?"

"Nyuma, mama."

"Mbele?"

"Mbele kuko salama."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata simu.