Nati Namba 11

Imebaki nati moja. Sina la kuongeza, ila nitaongeza.

Nimeanza kufunga injini ya vespa tangu nilipotoka kusali alfajiri. Nimekaza kila kinachokazika, nimefuta mikono kwa tambara, nimesimama kama waziri anayesubiri kupewa mkasi akate utepe. Natazama chini: nati. Imekaa juu ya gunia inang'aa, haina haraka. Ingekuwa namba 10 ningesema imedondoka kwenye gari ya jirani. Ingekuwa 12 au 14, vile vile, Wajapani wamejaa mtaani. Lakini ni namba 11, na kwa mtaa wetu huu nati ya namba 11 haina kwao pengine ila tumboni mwa vespa. Kama mna seti ya spana ndani, hebu kaitazameni ya 11. Bado mpya.

Barazani wameshakaa kikao. Mzee mmoja, aliyeuza vespa yake mie sijabaleghe, kahukumu kwamba hiyo ni nati ya akiba, Mtaliano huwa anatia moja ya ziada. Mwengine kasema nifungue upya. Ushauri huo kautoa na kikombe cha kahawa mkononi, hata mguu hakuukunjua.

Nifungue upya! Injini hii?

Vespa yenyewe ni PX 150 ya 1984, ya marehemu baba. Miaka 12 imesimama uani inaanikwa nguo. Ugonjwa uliomuua (namaanisha vespa, baba alikufa kwa presha) ni gia ya pili kuruka. Unatia gia, inashika, ukikoleza moto kidogo, tak! imetoka, injini inalia peke yake na wewe umesimama katikati ya njia na bibi harusi wa watu nyuma anapiga honi. Dawa yake ni kidude kimoja cha chuma kilicho ndani ya sanduku la gia. Kina mikono minne, kama msalaba mdogo, unakifumbata kiganjani. Kinatelezeshwa huku na huku ndani ya gia nne, na ile kinayoingia ndiyo inayoshika. Ncha za mikono yake zikishalika zikawa duara, ndio hayo.

Kukifikia sasa. Ni kuipasua injini pande mbili kama dafu. Nati ya klachi ina meno, inataka chombo chake maalumu, na hicho chombo fundi yeyote niliyemuona maishani mwangu anakiita tindo na nyundo. Ukiitazama nati yangu unasoma ukoo mzima wa mafundi waliopita humo: huyu alipiga kwa kushoto, huyu alikuwa na hasira.

Mie ni mtu wa mpango. Kila nilichokitoa nilikitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili nijue upande upi wa juu. Yeye sikumwambia. Mambo ya ufundi hayo.

Nikaenda dukani, Darajani, hapa Unguja mjini.

"Nataka kimsalaba cha gia, cha vespa PX."

"Sampuli?"

Kesho yake nikarudi na sampuli. Mwenye duka akaigeuza, akaipima uzito kwa kiganja, akainusa. Naapa aliinusa. Akampa kijana wake, naye akaiinua juani kama anayetazama noti bandia.

"Ya bajaji hii?"

"Ya vespa."

"Si mule mule, mzee wangu."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilivaa koti siku hiyo. Nikamfahamisha, kwa heshima zote, kwamba kasema kweli kuliko anavyojua: wale Wahindi wa Bajaj miaka ya 1960 walikuwa wakiunda vespa kwa ruhusa ya Piaggio, kampuni ya Kitaliano yenye vespa yake, na Piaggio wenyewe walishatoa kipikipiki cha magurudumu matatu tangu 1948, wakakiita Ape, yaani nyuki, kwa sababu vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Nikamwambia aliyeibuni vespa mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa helikopta na pikipiki hazipendi kabisa. Nikamuonesha kwa mikono gurudumu la mbele lilivyoshikwa upande mmoja tu kama la ndege. Wateja wawili wakaondoka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Sasa sampuli unaniachia au huniachii?"

Nikamwachia. Nirudi baada ya alasiri. Nikarudi. Sampuli kachukua kijana, kaenda nayo Mlandege kuiulizia. Nirudi kesho. Kesho, yule kijana kampa mwenziwe anayekwenda Mwanakwerekwe. Kesho kutwa nikapigiwa simu mwenyewe: imeonekana! Moja tu, mji mzima, na mwenye nayo anataka elfu 45.

Nikaja mbio. Tukapigana bei kwenye spika ya simu, mie, mwenye duka, kijana, na sauti nyengine inayokoroma kama iko ndani ya pipa. Arubaini. Thelathini na tano. Nikajifanya naondoka, nikarejeshwa na kijana. Tukakata elfu 30. Ikaletwa imefungwa gazetini, imepakwa grisi mpaka huoni chuma.

"Ya Mtaliano mwenyewe hiyo," mwenye duka akasema. "Imetumika kidogo tu."

"Na sampuli yangu?"

"Kijana ataileta."

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Umeme haukuwepo, si mnajua, kwa hiyo mke wangu akanishikia taa huku nafuta grisi. Nikafuta mkono wa kwanza, wa pili. Akasogeza taa.

"Baba watoto, hii si rangi yangu ya kucha?"

Jamani.

Kidude changu. Kile kile. Kimetoka kwangu asubuhi, kimepita Darajani, kimelala Mlandege, kimekwenda Mwanakwerekwe, kimetembea mji kuliko vespa yenyewe kwa miaka 12, kila mkono unatia chake, kimerudi kwangu kwa elfu 30 na ncha zake zile zile za duara. Na nimepunguziwa! Elfu 15 nzima nimepunguziwa kwenye mali yangu, tena nikasema ahsante. Mke wangu hasira zake wala hazikuwa za pesa. Zilikuwa za kichupa cha rangi, kilichobaki nusu.

Asubuhi nikamuendea yule bwana. Nimejipanga njia nzima, maneno nimeyanoa. Akanisikiliza, maana kusikiliza anajua. Akasema: "Mzee wangu, wewe ulitaka kinachofanana na sampuli. Mie kinachofanana zaidi ya hicho ningekipata wapi?"

Mtu mzima mimi. Nimesomesha, nimeoza, nimezika. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Usiku nikilala ndio yananijia majibu, matatu manne kwa mpigo, mazuri khasa, lakini duka limefungwa.

Kimsalaba kipya kaja nacho shemeji kutoka Maskati ndani ya kopo la halua, nacho mpaka sasa kinanukia hiliki. Mpiga rangi nilimwambia krimu, kaifanya mtindi. Mafuta ndiyo pekee niliyoyapata sawa: petroli lita moja, oili mililita 20, nazipima kwa kichupa cha dawa ya kifua, na mtoto kesha kunywa mara moja akasema si mbaya.

Kwa hiyo kiki sijapiga. Nitapigaje na nati mkononi? Huenda ni ya kushikia sanduku la gia, huenda si ya kitu. Nikasema ngoja kwanza nikautie ule mfuniko wa ubavu wa kushoto, unaofichia tairi la akiba, angalau ionekane vespa. Nilikuwa nimeupindua ukutani na matambara yangu ndani. Naukuta una kuku.

Si wangu. Ni wa jirani. Kalala juu ya matambara, kajitanua, ananitazama kama mie ndiye niliyeingia bila hodi. Jirani kaitwa, kahesabu mayai saba, kasema kuku asisogezwe, siku 21, na mfuniko ubaki pale pale na matambara yake. Mke wangu kaafiki. Barazani wameafiki bila ya kuulizwa.

Sasa hivi jirani karudi tena kuhesabu. Anasema ni sita. Ananitazama mimi, nami nimeshika nati.