Vibadala vya sukari: kelele za saratani na maswali yaliyofunikwa

Tarehe 14 Julai 2023 dunia ilipewa kauli mbili kuhusu aspatame, kitamu bandia kilichomo kwenye soda nyingi zinazouzwa kwa jina la "bila sukari". Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiingiza kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Siku hiyohiyo JECFA, kamati ya wataalamu wa viongeza vya chakula iliyo chini ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), ikasema haioni sababu ya kubadili kiwango kinachokubalika: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Vichwa vya habari vilibeba kauli ya kwanza. Ya pili ilizikwa kwenye aya za mwisho.

Wengi wakauliza, hawa wataalamu mbona wanapingana? Hawakupingana. IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani, na ushahidi wake una uzito gani. Halijishughulishi na kiasi anachotumia mtu wa kawaida. Hiyo ni kazi ya JECFA. Ndani ya kundi hilohilo la 2B mna dondoo la jani zima la mshubiri. Pombe na nyama zilizosindikwa ziko kundi la 1, ambako ushahidi umetosheleza, na bado watu huzila na kuzinywa bila kuuliza lebo inasema nini.

Tupige hesabu, maana hapa hesabu husema kuliko hofu. Mtu mzima wa kilo 70 anaruhusiwa miligramu 2,800 kwa siku. Kopo la soda likiwa na miligramu 200 hadi 300 za aspatame, itabidi anywe makopo tisa hadi 14 kila siku ndipo avuke mpaka, na hapo tunachukulia kwamba hapati aspatame kwingine kokote. Mpaka wenyewe umewekwa kwa tahadhari kubwa: ilichukuliwa dozi ambayo haikuonekana kuwadhuru wanyama wa maabara, miligramu 4,000 kwa kilo, ikagawanywa kwa 100. Kwa hiyo mtu mzima anayekunywa kopo moja au mawili yuko mbali sana na hatari iliyopimwa.

Ila hesabu hiyohiyo ina upande ambao watetezi wa vitamu hivi hawaupendi. Mtoto wa kilo 20 mpaka wake ni miligramu 800. Makopo matatu yenye miligramu 300 kila moja yanamvusha. Akiongeza mtindi wa "bila sukari", juisi ya unga na bigijii, hahitaji hata hayo matatu. Kuvuka mpaka siku moja si kuugua, kwa sababu kiwango hicho kimepimwa kwa matumizi ya kila siku maisha yote. Lakini mzazi anayeambiwa "utahitaji makopo 14" amepewa hesabu ya mwili wake yeye, si wa mwanawe.

Hofu ya saratani haikuanza na aspatame. Sakarini, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote, iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika maabara ya Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakati wa kuchunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Ugomvi ulianza mapema. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa wizara ya kilimo ya Marekani, alitaka itolewe kwenye vyakula. Rais Theodore Roosevelt, aliyekuwa akipewa sakarini na daktari wake, alimjibu kwamba anayesema inadhuru ni mpumbavu. (Tangu hapo mjadala huu haujawahi kukosa mtu wa kumwita mwenzake mpumbavu.) Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilikusudia kuipiga marufuku baada ya panya kupata uvimbe kwenye kibofu. Bunge likazuia marufuku, likaagiza onyo liwekwe kwenye lebo. Onyo hilo lilikaa hadi mwaka 2000, lilipoondolewa baada ya watafiti kuelewa kilichowapata panya: kwa namna mkojo wao ulivyo, sakarini nyingi hufanya chengachenga zijijenge ndani yake na kukwaruza ukuta wa kibofu. Mkojo wa binadamu hauko hivyo.

Watetezi hupenda kuisimulia hadithi hii kama ushindi, na kweli ni ushindi wa sayansi. Lakini wasiishie hapo. Siklamati, kitamu kingine bandia, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1969 na marufuku hiyo ipo mpaka leo, wakati Ulaya inaruhusiwa kwa viwango maalumu. Dutu moja, miili ileile ya binadamu, sheria mbili. Kusema "serikali imeruhusu" au "serikali imekataza" hakumalizi ubishi.

Ushahidi unaotajwa sana siku hizi unatoka Ufaransa, kwenye utafiti wa NutriNet-Santé unaofuatilia watu wazima zaidi ya 100,000. Mwaka 2022 watafiti hao walitangaza kwamba waliotumia vitamu bandia kwa wingi walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ulio mkubwa kwa takribani asilimia 13 kuliko wasiovitumia; baadaye mwaka huohuo wakaripoti ongezeko la takribani asilimia 9 kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Wafaransa hawa walijitahidi kuliko wengi: waliuliza hata chapa ya bidhaa ili wakadirie kiasi cha kitamu kilicholiwa. Tatizo ni kwamba anayekimbilia soda isiyo na sukari mara nyingi ameshaanza kunenepa, au daktari ameshamwonya, au kwao kuna kisukari. Kumkuta na ugonjwa baadaye na kukitwika lawama kitamu ni kumlaumu mganga kwa kuwa kila nyumba anayoingia ina mgonjwa. Watafiti hujaribu kuondoa athari hiyo kwa hesabu za takwimu, na huondoa sehemu tu. Tofauti ya asilimia 13 ni ndogo vya kutosha kuweza kuzaliwa na sehemu iliyobaki.

Ndiyo maana mimi shitaka la saratani naliona kuwa dhaifu kuliko yote, ingawa ndilo lenye sauti kubwa. Hoja nzito ziko kwingine.

Ya kwanza ni kama vitu hivi vinafanya kazi tunayovinunulia. Mwezi Mei 2023, miezi miwili kabla ya kelele za aspatame, WHO ilitoa mwongozo unaoshauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari kama njia ya kudhibiti uzito. Mwongozo huo ulipita kimyakimya ukilinganisha na kauli za Julai, nao ndio uliogusa maisha ya watu wengi. Majaribio ya muda mfupi yalionyesha watu wakipungua kidogo, chini ya kilo moja kwa wastani. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zikaonyesha kinyume: watumiaji walikuwa wanene zaidi na wenye kisukari cha aina ya pili zaidi. WHO yenyewe ikauita ushauri wake wa masharti, kwa sababu tafiti hizo ndefu zina kasoro ileile ya mganga na mgonjwa.

Upande wa pili una jaribio ambalo nalipa uzito mkubwa. Uholanzi, watoto 641 walipewa kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18, nusu yao chenye sukari, nusu chenye kitamu mbadala, bila kujua nani amepewa kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliopewa chenye sukari waliongezeka kilo 7.4 kwa wastani, wenzao kilo 6.4. Hapa hakuna nafasi ya kusema wanene ndio waliochagua kinywaji fulani; kura ndiyo iliyochagua. Kwa hiyo ukiondoa sukari kwenye kinywaji ambacho mtu angekunywa kila siku kwa vyovyote, inasaidia. Jaribio halikuuliza kama maji yangesaidia zaidi, na wala halisemi lolote juu ya yule anayekunywa soda isiyo na sukari kisha akajiongezea kipande cha keki kwa kuwa "ameokoa".

Tusisahau pia kinachobadilishwa. Kopo la kola la mililita 330 lina takribani gramu 35 za sukari. WHO inataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kalori 2,000 ni gramu 50. Kopo moja limeshakula theluthi mbili na zaidi. Madhara ya sukari hiyo kwa meno, ini na uzito hayahitaji IARC kuyatafuta. Mwenye kisukari, ambaye mwongozo wa Mei 2023 haumhusu, kwake soda isiyo na sukari inabaki kuwa njia ya kupata ladha bila kupandisha sukari ya damu, na sioni haki ya kumtisha. Anayetishika kwa sababu ya kweli ni mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtu ashindwe kuvunja fenilalanini, mojawapo ya vitu ambavyo aspatame huvunjika kuwa. Huyo asiiguse, na lebo humwambia hivyo waziwazi.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi, nayo inahusu vile ambavyo watu huviona salama kwa kuwa ni vya "asili". Chukua kijipakiti cha kitamu chenye picha ya jani la stevia. Kigeuze, soma orodha ya viambato. Mara nyingi cha kwanza, yaani kilicho kingi kuliko vyote, si stevia bali ni erithritoli, kitamu kingine. Sababu ni ya kiufundi tu. Dondoo la stevia ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, hivyo kinachohitajika ni chembe isiyoonekana kijikoni; lazima kitiwe kitu cha kujaza pakiti. Erithritoli ina utamu wa takribani asilimia 60 hadi 70 ya sukari, haina kalori za maana, na inafanana na sukari kwa macho. Inafaa. Lakini maana yake ni kwamba erithritoli huliwa kwa gramu, tena gramu nyingi kwenye aiskrimu na biskuti zisizo na sukari, wakati aspatame tunayoigombania huliwa kwa miligramu.

Mwaka 2023 timu ya mtafiti Stanley Hazen wa Cleveland Clinic, hospitali ya Marekani, iliripoti kwamba watu wenye erithritoli nyingi katika damu walipata shambulio la moyo na kiharusi zaidi ya wengine. Wakosoaji walijibu haraka, na jibu lao lina mashiko: mwili wenyewe hutengeneza erithritoli, na mwili wenye matatizo ya kuchakata sukari hutengeneza zaidi. Huenda basi ilikuwa dalili ya ugonjwa, si chanzo chake. Ila timu hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2024 ilichapisha matokeo ya watu 20 wenye afya, baadhi wakiwa wamenyweshwa gramu 30 za erithritoli na wengine gramu 30 za glukosi. Kwa walioinywa erithritoli, chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, zikawa nyepesi kushikana. Kwa wa glukosi hazikubadilika. Watu 20 ni wachache, na damu iliyopimwa kwenye chupa ya maabara si shambulio la moyo. Lakini Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) iliweka mpaka wa gramu 0.5 kwa kilo ya uzito, sawa na gramu 35 kwa mtu wa kilo 70, na iliuweka kwa kuangalia kuhara, si damu. Gramu 30 ziko ndani ya mpaka huo. Anayetaka kuhofia kitu, aanzie hapa kabla ya aspatame, hasa kama moyo wake umeshawahi kumletea matatizo.

Kuhusu bakteria wa utumbo nitapita haraka. Jaribio la mwaka 2022 lililohusisha watu 120 wasio na ugonjwa lilionyesha sakarini na sukralosi, kitamu kingine bandia, zikibadili bakteria hao na namna mwili unavyoishughulikia glukosi, ingawa kwa tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Lilichukua wiki chache. Bado ni mapema kulijengea ushauri.

Kinachoweza kufanywa sasa, tena kwa gharama ndogo, ni cha kwenye lebo. Katika nchi nyingi mtengenezaji analazimika kutaja jina la kitamu au namba yake, E951 kwa aspatame, E955 kwa sukralosi, E968 kwa erithritoli. Kiasi halazimiki kukitaja. Sukari inaandikwa kwa gramu, chumvi inaandikwa, mafuta yanaandikwa. Kitamu kinatajwa jina tu, hata pale ambapo bidhaa nzima inauzwa kwa ajili yake. Mzazi wa yule mtoto wa kilo 20 hawezi kupiga hesabu niliyoipiga hapo juu, kwa sababu hajui kama kopo alilolishika lina miligramu 100 au 300. Na mtafiti anayetaka kujua watu 100,000 wamekula kiasi gani naye hubaki akikadiria, kisha makadirio hayo ndiyo tunayoyapigania miaka nenda miaka rudi.